Muulize Fundi: IST ya mama wa kanisani, thamostati iliyotupwa na breki za Kitonga

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka milimani, na mi napenda hivyo, maana ushauri wa magari mwingi unaandikwa na watu wa Dar ambako mlima mkubwa ni daraja. Tuanze.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Makambako, nimeonyeshwa IST na dalali, bei milioni 9, anasema ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa anaendea kanisani tu, kilomita 78,000. Rangi inang'aa, ndani safi, na fundi aliyekuja na dalali amesema iko poa. Niichukue?

Marahaba mwalimu. Kila gari ninaloletewa na dalali lilikuwa la mama wa kanisani, sijui wale vijana wanaokimbiza gari mpaka linaimba wao huwa wanamuuzia nani. Alafu fundi aliyekuja na dalali ni wa dalali, wewe tafuta wako, hata ukimlipa elfu 50 ya kushinda nayo nusu siku bado umepona.

Tuanze na hizo kilomita. IST ya kwanza Toyota waliitengeneza kuanzia 2002 mpaka 2007, kwaiyo hata ile ya mwisho mwisho kabisa ni gari ya umri wa kijana wa kidato cha nne na zaidi, 78,000 kwa miaka yote hiyo inawezekana ikiwa imeshushwa juzi na huko Japani ilikuwa inalala tu, lakini kama imeshakula barabara za Bongo miaka sita saba na namba yake ni ya zamani, hapo piga hesabu vizuri. Angalia raba ya pedo ya breki, ikiwa imelika upande mmoja mpaka mistari imefutika basi hiyo gari imetembea. Angalia usukani pale mikono inaposhika, angalia ukingo wa siti ya dereva upande wa mlangoni pale makalio yanapoburuza kila siku. Ukikuta pedo mpya kabisa kwenye gari kuukuu, hilo nalo ni jibu.

Kuna kitu kingine madalali wengi hawakijui. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, au chini ya boneti, mara nyingi kuna kibandiko kidogo cha Kijapani walichobandika siku wanabadilisha oili, maandishi huwezi kuyasoma lakini namba zinasomeka, kuna tarehe na kuna kilomita. Usishangae mwaka ukiandikwa 24, ni hesabu yao wenyewe, Heisei 24 ni 2012. Niliwahi kukagua Raum, dashibodi inasema 91,000, kibandiko kwenye nguzo kinasema 134,200, nikamwita dalali aje aone, akainama, akakikwangua na ukucha mbele ya macho yangu, akasema "uchafu huu".

La pili, muda. Usiende kuiona saa sita mchana kwa miadi. Nenda saa 12 asubuhi, bila kupiga simu, na Makambako kwa upepo ule wa alfajiri ndo mahali pazuri kabisa pa kujaribia injini. Kabla hujasalimiana sana weka kiganja kwenye boneti, ikiwa ya vuguvugu jua kuna mtu ameshaamka kabla yako kuipasha. Nasema hivi kwa sababu nilipigwa mimi mwenyewe, zamani kabla sijawa fundi wa kueleweka, nilienda kununua Carina nikaikuta inaunguruma, mwenyewe anatabasamu, "nilikuwa naipasha kidogo kwa ajili yako mdogo wangu", nikaona mtu mstaarabu kweli. Kesho yake asubuhi naiwasha ikatoa moshi wa bluu mpaka jirani akatoka nje akidhani nachoma takataka. Ikishapata moto moshi unakata, huoni kitu. Ilikuwa inakula oili, na alikuwa ameijaza oili nzito ili kuficha.

Kwaiyo iwashe ya baridi, mtu mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Mvuke mweupe mwembamba asubuhi ya baridi ni kawaida, usimsumbue mtu, ila bluu kimbia, na mweupe mzito usiokata hata gari ikishapata moto ujue inakunywa maji ya rejeta. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta uji uji mweupe usihukumu haraka, huku kwetu gari inayotembea safari fupi fupi kwenye baridi inaweza kupata huo ute kidogo bila ugonjwa wowote, lakini ukivuta na kijiti cha oili nacho kikaja na rangi ya chai ya maziwa, funga boneti urudi shule.

Alafu ipandishe mlima. Gari otomatiki kwenye tambarare zote zinapendeza, mlimani ndo utasikia giaboksi inateleza, injini inalia lakini gari haiendi. Kumbuka tu kwamba injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, kwaiyo isikushangaze kuwa nzito kuliko ulivyoendesha ya shemeji yako Dar. Pita na barabara ya vumbi vioo vikiwa chini redio imezimwa, ukisikia ko-ko-ko mbele ni boljointi, bushi au linki za stabilaiza, hizo si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguza bei. Uzuri wa IST injini zake zinatumia cheni ya taimingi, hudaiwi mkanda kila kilomita laki moja.

Karatasi: namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi zilingane herufi kwa herufi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia na kitambulisho chake ukione, na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi kabla hujalipa, zisije kuwa deni lako. Na uhamisho wa TRA ufanyike siku ile ile ya hela, mambo ya "jina tutabadilisha tu wiki ijayo" achana nayo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Tukuyu, Noah yangu ilichemsha nikipandisha kutoka Kyela, fundi akatoa thamostati akaitupa akasema ugonjwa umeisha. Kweli haijachemsha tena ila inakula mafuta vibaya na hita haitoi joto, na baridi ya huku na mvua yake unaijua. Ndaga.

Ndaga fijo. Hili la kutoa thamostati nikiwa na uwezo ningelipigia kura lipigwe marufuku mkoa mzima.

Thamostati ni mlango tu. Injini ikiwa ya baridi unafunga, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake yapate moto haraka, yakifika kwenye nyuzi 82 hivi kwa Toyota nyingi unafunguka yaende kwenye rejeta kupoa. Ukiutoa, maji yanakwenda kwenye rejeta muda wote, na Tukuyu ile injini haifiki joto lake hata ukienda mpaka Uyole. Sasa kompyuta ya gari inaona injini ya baridi, inaongeza petroli kama vile ndo umeiwasha sasa hivi, hapo ndo mafuta yako yanapokwenda. Hita nayo inategemea maji hayo hayo, kwaiyo inakupulizia ubaridi. Na oili isiyopata moto haikaushi unyevu, inakuwa tope mapema.

Kwanini ilichemsha sasa? Kyela iko mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari, na ile barabara inapanda mpaka inazidi mita 2,000 kabla hujashuka Uyole, gari imejaza abiria na mchele, ni kazi kweli kweli. Na kadri unavyopanda maji yanachemka mapema, hapa Mbeya mjini kwenye mita 1,700 sufuria ya chai inachemka kwenye nyuzi kama 94, sio 100. Kinachookoa gari ni presha, na presha inashikwa na mfuniko wa rejeta. Uangalie, juu yake pana namba, 0.9 au 1.1, na chini pana raba na springi. Raba ikipasuka presha inatoka na maji yanachemka mapema mlimani wakati tambarare gari iko salama kabisa. Ni kitu cha bei ndogo na ndo kitu cha mwisho watu kukiangalia.

Kwaiyo: nunua thamostati mpya, nunua mfuniko wenye namba ile ile, rejeta isafishwe kwa ndani na matundu ya nje yatolewe tope, feni zikaguliwe kama zinawaka, na weka kulanti badala ya maji ya mtoni, maana maji matupu ndo yanayoleta ile kutu nyekundu inayoziba kila kitu. Ikichemsha tena baada ya hapo kapime silinda hedi. Na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto, nimeona mtu kaungua uso mzima kwa kuharakia abiria.

SWALI: Kuna jamaa Tunduma ananiuzia gari ya IT, bei karibu nusu, anasema atanifanyia mpango wa namba. Unasemaje?

Hapana. Gari ya IT inapita tu nchini kwenda kwa wenzetu, ushuru wa hapa haujalipwa, ukikamatwa nayo inachukuliwa na hela yako hurudishiwi na mtu. Swali lingine.

SWALI: Kamwene fundi. Nipo Iringa. Nilikuwa nashuka Kitonga na RAV4 otomatiki, nyuma ya foleni ya malori, breki nimezikanyaga muda wote. Katikati ya mlima pedo ikaanza kuwa laini mpaka ikagusa chini. Nilikokota kwa handibreki mpaka nikapata pa kuegesha, baada ya nusu saa ikarudi yenyewe. Gereji wamebadilisha pedi wanasema tayari. Naogopa.

Kamwene ndugu yangu, na una haki ya kuogopa, maana walichobadilisha sicho.

Tofautisha vitu viwili. Ukikanyaga pedo iko ngumu kama jiwe ila gari haishiki na unasikia harufu ya kuungua, hapo pedi zimepata moto kupita kiasi. Pedo ikiwa laini kama sponji na inazama, hapo mafuta ya breki yamechemka ndani ya mabomba, na ndo kilichokupata wewe. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani hata kama hujafungua mfuniko. DOT 3 mapya yanatakiwa yavumilie mpaka nyuzi 205 angalau, yakishanyonya maji yanashuka mpaka kwenye 140. DOT 4 ni 230 mapya, na 155 yakiwa yamenyonya. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, kwaiyo wewe unakanyaga mvuke na breki hazipati nguvu. Yakipoa mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedo inapanda, unaona kama ulikuwa unaota.

Muulize fundi wako yale mafuta mara ya mwisho yalibadilishwa lini. Atakwambia "huwa tunaongezea". Sasa yatolewe yote, tairi zote nne, mpaka yanayotoka yawe ya rangi safi, yale ya zamani utayaona meusi kama kola, na uweke DOT 4 ya chupa ambayo haijafunguliwa, sio ile iliyokaa nusu kwenye shelfu ya gereji tangu mwaka juzi. Alafu kila miaka 2 unarudia, hata kama gari imelala tu.

Ila mafuta mapya bila kubadili mguu ni kazi bure. Madereva wa zamani wa njia hii walikuwa wanasema gia uliyopandia mlima ndo ya kushukia. Otomatiki sio sababu ya kuacha kwenye D, toa mpaka 2, au L foleni ikienda pole pole, na Toyota nyingi za zamani zina kitufe cha O/D pembeni ya mkono wa gia, ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka na gia ya juu inakataliwa. Injini italia, iache ilie, haiumii, inakushikia gari. Fanya hivyo kabla hujaanza kushuka, sio ukishaona hali mbaya. Breki unakanyaga kwa nguvu mara moja spidi inashuka, unaachia zipumue, unakanyaga tena, sio kuziegemea kilomita zote zile. Na kuweka frii ili kuokoa wese, sitaki hata kusikia.

Ukifika chini zikiwa zinafuka usimwagie maji kama tingo wa malori wanavyofanya, diski inapinda na usukani utakutetemekea mpaka Morogoro.

SWALI: Njombe hapa. Asubuhi gari inajikokota kuwaka, mchana inawaka vizuri. Betri nimeambiwa bado nzima.

Aliyekuambia ameipima au ameiangalia? Chukua mita ya fundi umeme asubuhi kabla hujawasha: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.4 ina njaa, na ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5, ikiwa chini hapo alteneta haichaji. Baridi inapunguza nguvu ya betri na wakati huo huo oili inakuwa nzito, kwaiyo kama umeweka 20W-50 kwa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba na kitabu cha gari kinasema 5W-30, stata yako inakoroga ugali. Badilisha oili kwanza. Vichwa vya betri navyo visugue, ule unga wa kijani sio mapambo.