LUKU moja, wapangaji wanne

Pole sana dada. Umesema mko familia nne kwenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, mnachanga sawa, na wewe mwenye friji na jiko la umeme ndiye unayenyooshewa kidole. Anza na mita ndogo. Mwenye nyumba akiridhia, fundi umeme mwenye leseni anaifunga kwenye laini ya chumba chako, mnasoma namba badala ya kubishana. Bila hiyo, hata ujibane vipi, unafuu wako unagawanywa kwa wote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kisha tazama vinavyotoa joto, maana ndivyo vinavyokula umeme. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage saa mbili limemaliza uniti tatu. Maharage hayohayo kwenye presha kuka ya umeme hayafikishi uniti moja, na ukihama unaibeba. Mimi humshauri mpangaji aweke pesa kwenye vitu vya kubeba. Balbu za LED pia: ya wati 9 inatosha palipokuwa na ya 60. Nguo za wiki zipige pasi kwa mkupuo mmoja.

Friji, bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Isogeze mbali kidogo na ukuta.

Halafu ile kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU ni ya mwenye nyumba, si yenu. Mwombeni aipunguze kwenye kodi ya pango, na mtunze risiti za kila mwezi.