Filamu ya mashabiki ya Star Trek kwenye mawe ya Capri Point, Mwanza: inaruhusiwa?

Ndugu, inawezekana, ila ndani ya kanuni ambazo CBS na Paramount, kampuni za Marekani zenye haki za Star Trek (tamthilia na filamu za safari za anga), walizitoa Juni 2016. Hadithi moja isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, wala hakuna msimu wa pili. Jina "Star Trek" lisikae kwenye kichwa cha filamu. Linaingia kwenye kichwa kidogo cha kutamka kwamba ni kazi ya mashabiki. Sare na vifaa vya kununua viwe bidhaa halali, si feki.

Pesa ndipo wengi wanapoanguka. Michango mwisho dola 50,000 (kwa Mwanza hilo si tatizo), na hakuna kumlipa mwigizaji wala mpiga kamera. Mtandaoni iwe bure, bila mapato ya matangazo. Hata kuionesha kibanda umiza kwa kiingilio cha shilingi 500 tayari ni biashara. Watengenezaji wa Axanar, filamu ya mashabiki wa Star Trek, walikusanya zaidi ya dola milioni moja, wakashtakiwa na CBS na Paramount Desemba 2015, wakamalizana nje ya mahakama Januari 2017.

Kibali cha Bodi ya Filamu ni jambo jingine kabisa: kinakuruhusu kupiga picha, hakikupi haki juu ya wahusika wa mtu. Na filamu yako usiipeleke COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kuisajili, kanuni za CBS na Paramount zinakataza. Pia kanuni hizi ni za Star Trek tu, usizihamishie kwa studio nyingine.