Aliyeonewa na mipaka ya kupigana

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tumefikia kununiana. Yeye anasema watu waliokaliwa kwa mabavu miaka mingi, kama Wapalestina, hakuna mwenye haki ya kuwaambia wapigane vipi. Mimi nasema kuua ni kuua. Tuamue.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako ana hoja, usiipuuze. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inayahesabu mapambano dhidi ya ukoloni, ukaliaji wa kigeni na tawala za kibaguzi kuwa vita vya kimataifa, si uhalifu mtupu. Ukiishia kwenye "kuua ni kuua", unampa nafuu aliyekwisha kutwaa ardhi, maana yeye sasa anachohitaji ni utulivu tu.

Lakini itifaki hiyo hiyo inakataza kuwalenga raia, na haimwachii mwenye haki ruhusa yoyote ya pekee. Hapo ndipo ninapoachana na kaka yako.

Tazama Afrika Kusini. Machi 21, 1960 polisi wa serikali ya ubaguzi waliua waandamanaji 69 katika mji wa Sharpeville, na mwezi uliofuata ANC, chama kilichopigania haki za weusi, ikapigwa marufuku. Njia ya amani ilikuwa imezibwa kweli. Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ilipoanza kazi Desemba 16, 1961, ililipua nguzo za umeme na ofisi za serikali, ikikusudia kutomwaga damu. Mwaka 1980 Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, akatia saini tamko kwamba ANC itafuata Mikataba ya Geneva. Hata hivyo, Mei 20, 1983 bomu la gari mbele ya makao ya jeshi la anga, Church Street, Pretoria, liliua watu 19, wakiwemo raia, weusi kwa weupe.

Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilisema mambo mawili kwa mkupuo: kupigana na ubaguzi ilikuwa haki, na ANC ilivunja haki za binadamu katika kupigana huko. ANC ilikwenda mahakamani kuzuia ripoti isitoke, ikashindwa. Naiheshimu sana tume ile kwa kukataa kulimeza jambo moja ili kulinda jingine.

Kwa kipimo hicho, mauaji ya Oktoba 7, 2023, ya watu wapatao 1,200 nchini Israel, wengi wao raia, hayahalalishwi na ukaliaji ulioanza mwaka 1967. Wala kuuawa kwa makumi ya maelfu ya watu Gaza, watoto wakiwa maelfu, hakuhalalishwi na Oktoba 7. Huruma ya kaka yako kwa Wapalestina ni ya haki kabisa. Kinachonitisha ni kwamba upande wa pili nao unasema maneno yake yale yale: tumeumizwa, msitufundishe kupigana. Akimwondolea mmoja mipaka, amemwondolea na mwenzake.

Mkikaa tena, msianze na nani alianza, hapo mtakesha. Chukueni tendo moja. Aliyepigwa ni nani? Alikuwa mpiganaji? Aliyepiga alijua? Kisha kila mmoja wenu ajibu maswali hayo hayo kuhusu tendo la upande anaoutetea, wewe ukitangulia.