Amani Ina Ndege Tele, Tatizo Ni Miguu Yako

Msomaji mmoja ameandika kwa uchungu wiki hii. Kashinda msitu wa Amani, mkoani Tanga, kutwa, kapanda na kushuka mpaka magoti yakalegea, na ndege aliowaona wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Anauliza kama Usambara Mashariki imeishiwa ndege. Haijaishiwa. Kilichomponza ni kutembea.

Mbugani unamwona ndege kabla hajakusikia. Msituni ni kinyume. Ndege wa chini, kama kurumbiza, akisikia kijiti kimevunjika huganda na kunyamaza, nawe unampita akiwa hatua tatu tu kutoka kwenye njia. Kwa hiyo chagua mahali pamoja: palipoangukiwa na mti mkubwa pakabaki uwazi, kivuko cha kijito, au ukingo wa barabara ya kutoka Sigi, chini mlimani, kupanda Amani. Ufike saa 12 alfajiri. Egemea shina, mikono itulie, usisogee kwa dakika 20. Dakika za kwanza hutaona kitu, na hapo ndipo wengi huondoka wakisema msitu mtupu. Msitu hauko mtupu, unakungoja utulie. Kuanzia saa 4 asubuhi sauti hupungua. Rudi saa 10 jioni, usiumize mwili bure katikati.

Sababu kubwa ya kusubiri ni msafara. Ndege wengi wanaokula wadudu hawakutawanyika sawasawa msituni. Hutembea pamoja, jamii hii na ile, kwa hiyo unaweza kukaa nusu saa bila kitu kisha ukapata ndege wa aina kumi kwa mkupuo. Mlinzi wa msafara mara nyingi ni mramba wa msituni, mweusi, mwenye mkia usiochanika sana. Hukaa kwenye tawi tupu la katikati, akidaka wadudu wanaoshtuliwa na wenzake, na hatari ikitokea yeye ndiye mpiga kelele. Ukisikia sauti yake kali, simama hapo hapo. Nyuma yake tazama shorewanda mwenye michirizi ya manjano kifuani, anayepiga bawa moja moja bila kuchoka. Huwezi kumkosea kwa tabia hiyo hata mwanga ukiwa hafifu. Tazama pia mnana mwenye mgongo mweusi, anayetambaa kwenye mashina na kupekua majani makavu yaliyonasa kama vile ni kigong'ota.

Msafara hukupita kwa dakika chache. Kosa linalorudiwa kila siku ni kumng'ang'ania ndege wa kwanza kwa darubini huku wengine wanapita juu ya kichwa. Anza kwa macho matupu: juu, kati, chini. Jua wangapi wapo na wanaelekea wapi, ndipo uinue darubini. Wakishapita usiwafukuze kwa nyuma. Kama njia inapinda kuelekea wanakokwenda, watangulie, usimame tena.

Kitu cha pili cha kutafuta ni siafu. Kundi la siafu likitembea, panzi, mende na buibui hukimbia, na ndege hujipanga mbele yake kuwadaka. Hawali siafu wenyewe, wanakula wakimbizi. Simama pembeni ya mstari, kamwe si mbele yake, suruali ukiwa umeichomeka ndani ya soksi. Ndege wa sakafuni ambao siku nyingine hawaonekani kabisa huja karibu mno hapo, kwa sababu chakula kimewashughulisha.

Cha tatu ni matunda. Mkuyu ukiiva, kaa chini yake asubuhi nzima. Kulukulu, ndege wakubwa wala matunda, watakuja, lakini usitafute rangi nyekundu: akitulia ni kijani, na wekundu wa mabawa huonekana anaporuka tu. Kwa kawaida harukiruki hovyo, hukimbia juu ya matawi, kwa hiyo fuatilia majani yanayotikisika. Wekundu wake ni wa rangi yenye shaba ndani yake, jambo adimu sana kwa ndege. Angalia na ardhini pia. Kima wakila juu, kororo, kanga wa msituni, mara nyingi wako chini wakiokota yanayodondoka.

Hondohondo ndiye mwalimu mzuri kwa anayeanza, maana unamsikia kabla ya kumwona. Manyoya ya chini ya bawa hayafuniki mashina ya manyoya ya kurukia, hewa inapita katikati, na bawa linavuma. Amani utawaona hasa wa aina mbili. Mdogo ana tumbo jeupe na sauti inayofanana na kilio cha mtoto. Mkubwa ni mweusi, mgongo wa chini mweupe, na dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo.

Huyu mkubwa alichunguzwa hapo hapo Amani na mtafiti wa ndege Reginald Moreau, aliyefika kwenye kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1928, pamoja na mkewe Winifred. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti. Dume humeza udongo, huutapika vidonge vidonge, naye jike huukandika mlangoni mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu, akilishwa matunda ambayo dume huyatoa kooni moja moja. Ukiona mbegu na kinyesi vimerundikana chini ya mti mmoja mkubwa, inua macho, kisha urudi nyuma mbali. Dume akikuona umesimama chini hataleta chakula, na jike hawezi kutoka kujitafutia. Ndege huyu huyu, kwa bahati mbaya, husambaza mbegu za Maesopsis, mti ambao si wa milima hii na sasa umejaa kwenye mianya ya msitu.

Msimu nao una neno. Juni hadi Agosti, baridi ikikaza, baadhi ya ndege wa juu milimani hushuka mabondeni. Kurumbiza mwenye nyota nyeupe mbele ya jicho ni mmoja wao. Miezi hiyo msitu wa Sigi, kwenye takriban mita 450, unastahili muda wako kama Amani yenyewe.

Darubini: chukua 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42), achana na 10x42. Ya kwanza inapitisha nuru pana zaidi jichoni, haitetemeki sana, na msituni umbali si tatizo, giza ndilo tatizo. Hakikisha inaweza kuona vizuri kitu kilicho mita 2. Koti lisilotoa sauti ukisogea. Basi.

Sasa wenye spika. Mnajijua. Kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze si ujuzi. Dume anaacha kula au anaacha kiota kuja kupigana na adui asiyekuwepo, na anayekuja nyuma yenu anafanya vivyo hivyo kwa jozi ile ile. Kuanzia Oktoba, wengi wakiwa viotani, hilo ni dhuluma. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau mwaka 1931 ni miongoni mwa walio adimu kabisa Afrika, na ndiye anayesumbuliwa zaidi. Hukaa kwenye msongamano wa mimea itambaayo pembeni ya mianya. Mwombe mwongozaji akupeleke mapema, simama mita 10 kutoka kwenye msongamano huo, sikiliza nusu saa. Asipoita, rudi kesho yake asubuhi, na spika ibaki chumbani.