Vidukari kwenye pilipili: anza na sabuni

Hao wadudu wa kijani uliosema wamejazana chini ya majani ya pilipili zako hadi yanajikunja ni vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta. Majivu uliyomwaga juu hayawafikii. Chukua sabuni ya maji ya kawaida, kijiko 1 cha chai kwa lita 1 ya maji safi, nyunyizia. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, inaunguza majani.

Sabuni humuua mdudu ikimgusa ikiwa bado majimaji. Ikishakauka haina kazi tena. Kwa hiyo pindua kila jani, lowesha upande wa chini na vile vichipukizi vichanga mpaka vidondoshe maji. Fanya jioni, jua likishapoa. Jaribu kwanza kwenye majani mawili. Kesho yake kama hayajababuka, endelea. Rudia baada ya siku 5 hivi, maana wanaobaki huzaana upesi mno, majike huzaa hata bila dume.

Mwarobaini nao ni mzuri, ila usitegemee wafe papo hapo. Huwakatisha hamu ya kula na kuwazuia kujivua gamba.

Halafu kagua shina. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wanafuata ule utamu unaonata unaotolewa na vidukari, na huwalinda wasiliwe. Na tafadhali sana, ukikuta wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, usiwanyunyizie: wao na watoto wao hula vidukari.