Kwa mdogo wangu anayeombwa agombee uhazini wa sororiti

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili huko Marekani, wenzako wa sororiti wanataka ugombee uhazini, nawe unahofia masomo. Muda utakula kweli, hasa wiki mbili za mwanzo wa muhula. Nilikuwa mhazini wa tawi letu mwaka mzima, chuo kimoja cha Ohio, lakini kilichonisumbua zaidi ni kingine.

Kwa wasioijua, sororiti ni chama cha udada cha wanafunzi wa kike vyuoni. Changu ni kimoja kati ya vinne vya wanawake weusi vilivyomo National Pan-Hellenic Council, baraza linalounganisha vyama vya udugu na udada vya weusi. Vitatu vilizaliwa Howard University, Washington: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, Delta Sigma Theta 1913 na Zeta Phi Beta 1920. Cha nne, Sigma Gamma Rho, kilianzia Indianapolis mwaka 1922. Delta walikuwa hawajafikisha hata miezi miwili walipoingia kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake, Machi 1913. Daftari la hesabu la chama cha namna hiyo unalipokea kwa mikono miwili.

Matawi yetu mara nyingi ni madogo. Sisi tulikuwa wasichana 11, na sehemu ya ada inakwenda makao makuu, kwa hiyo mmoja asipolipa pengo linaonekana mara moja.

Mama yangu ni mhazini wa kikoba Tanga. Pale wadaiwa husomwa majina mbele ya wote na hakuna anayenuna, maana kila mmoja anajua nyumbani kwa mwenzake kuna nini. Nikaenda na desturi hiyo hiyo. Kikao cha Jumapili usiku, mwezi wa kumi, nikasoma majina matatu na kiasi cha kila mmoja. Wawili wakaitikia. Wa tatu akafunga begi lake taratibu, akatoka, na vikao vitatu hakuonekana. Baadaye ndipo nikajua hela yake ya ada alikuwa ameituma kwao kwa matibabu ya bibi yake. Iliniuma sana, na nikikumbuka bado inaniuma.

Nilimfuata bwenini kumwomba radhi. Habari ya deni sikuigusa siku ile. Alipika tambi, tukala. Wiki iliyofuata alinitafuta mwenyewe, tukakubaliana alipe kwa mafungu manne. Fungu la kwanza alilileta kwenye bahasha ya kaki: noti za dola moja moja na tano tano, bakshishi za mgahawani anakofanya kazi, zimekunjamana na zinanuka mafuta ya kukaangia. Alizinyoosha moja moja juu ya meza yangu, akahesabu 63. Nikamwandikia risiti kwa mkono, akaisoma mara mbili kabla ya kuitia kwenye pochi.

Muhula uliofuata nilibadili utaratibu. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho nilimwandikia kila mmoja peke yake: ada inafika siku fulani, ukitaka kulipa kwa mafungu niambie kabla. Wanne waliomba. Wawili kati yao nisingewadhania kabisa, kwa jinsi wanavyovaa na kucheka. Nilichokisoma kikaoni ni jumla ya makusanyo tu, jina la mtu halikutajwa tena.

Ya makaratasi ni machache. Hela isitoke bila idhini ya watu wawili, na mlezi wa tawi aone taarifa ya benki kila mwezi. Sororiti nyingi zinatambuliwa na mamlaka ya kodi, IRS, kama vilabu vya kijamii vyenye msamaha wa kodi, chini ya kifungu 501(c)(7) cha sheria ya kodi. Kilabu ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka kinaweza kujaza fomu fupi ya mtandaoni, 990-N. Ikipita miaka mitatu mfululizo bila kuwasilishwa, msamaha wa kodi unafutika wenyewe. Waulize makao makuu kama wao ndio wanawajazia.

Na kabla hujakubali jina lako lipigiwe kura, kaa na mhazini anayeondoka, muwe wawili tu. Muulize nani analipa kwa mafungu na walikubaliana nini, ili binti wa watu asilazimike kuyaeleza upya kwa mtu mgeni.