Marudio ya sayansi ya dunia na anga: shika sababu kwanza, majina yatafuata

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, kwamba daftari umelisoma mara kadhaa na majina ya sayari na ya tabaka za angahewa unayataja bila kusita, na bado ukijipima kwa mitihani iliyopita alama hazipandi. Nimefundisha somo hili na kusahihisha karatasi zake kwa miaka mingi, na kwa maelezo yako naona tatizo lilipo. Umehifadhi majina, ilhali maswali yenye alama nyingi huuliza sababu. Tena sababu za somo hili hufanana, kiasi kwamba mwanafunzi huchukua sababu ya jambo moja akaibandika kwenye jingine, kisha akatoka kwenye chumba cha mtihani akiwa na hakika kwamba amejibu vizuri.

Kwa hiyo usianze tena ukurasa wa kwanza wa daftari. Chukua karatasi tupu, chagua jambo moja, lichore bila kutazama popote, kisha andika chini ya mchoro kwa nini linatokea. Utakapokwama ndipo pa kufungulia kitabu.

Anza na majira ya mwaka, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikiona makosa mengi kuliko mahali pengine. Jibu linalorudiwa kila mara ni kwamba joto huja Dunia inapokaribia Jua. Lipime jibu hilo kwa takwimu: mwanzoni mwa Januari Dunia huwa karibu zaidi na Jua, takriban kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, takriban kilomita milioni 152. Kama umbali ndio ungeleta majira, dunia nzima ingekuwa na joto Januari na baridi Julai kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei, kwani kizio cha kaskazini kikiwa katika majira ya baridi kile cha kusini huwa katika majira ya joto. Sababu ya kweli ni mhimili wa Dunia ulioinama kwa nyuzi 23.5. Kizio kinachoelekezwa upande wa Jua hupata mchana mrefu, na miale hukifikia ikiwa imesimama zaidi, hivyo nishati ileile huangukia eneo dogo zaidi. Fanya hesabu ya mahali palipo latitudo 40 Kaskazini: tarehe 21 Juni jua la adhuhuri husimama kwa pembe ya nyuzi 73.5 kutoka upeo wa macho, na tarehe 22 Desemba kwa nyuzi 26.5 tu. Mtu aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe hataandika tena habari ya umbali.

Mchoro wenyewe una mtego wake. Wengi huchora Dunia katika vituo vinne kulizunguka Jua, halafu katika kila kituo wakaugeuza mhimili ili ncha yake ya kaskazini ilielekee Jua. Katika mwaka mmoja mhimili haugeuki hivyo. Ncha hiyo huendelea kuelekea upande uleule wa anga, karibu na nyota ya Polaris, mwaka mzima. Ukimaliza kuchora, weka rula juu ya mistari minne ya mhimili uhakikishe kwamba yote ni sambamba. Mtahini hukagua jambo hilo kabla hajasoma maelezo yako.

Jambo la pili ni sura za mwezi, na hapa kosa ni moja: mwanafunzi anasema mwezi unakuwa hilali kwa sababu kivuli cha Dunia kimeufunika. Kivuli cha Dunia huleta kupatwa kwa mwezi na hakihusiki kabisa na hilali. Nusu ya Mwezi huwa imeangazwa na Jua wakati wote isipokuwa unapopatwa, na kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo tunachokiona kutoka hapa tulipo. Jambo hili ni gumu kulielewa kwa maneno matupu, kwa hiyo ingia kwenye chumba chenye giza, washa taa moja, nyoosha mkono ulioshika mpira mweupe, na ujizungushe polepole ukiwa umesimama mahali pamoja. Kichwa chako ni Dunia. Ukielekea taa, upande wa mpira unaouona ni wa giza, na huo ndio mwezi mwandamo; ukigeuka robo utaona nusu imeangazwa; ukiipa taa mgongo utaona mwezi mpevu. Sasa angalia vizuri hapo kwenye mwezi mpevu: ukiushika mpira usawa wa kichwa, kivuli cha kichwa chako kitaufunika, na huko ndiko kupatwa. Uinue kidogo na kivuli kitapita chini yake. Njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya Dunia, na ndiyo maana hatupati kupatwa kila mwezi ingawa sura hujirudia kila baada ya siku 29.5 hivi.

Ukishaushika mpangilio huo, bahari nayo umeimaliza bila jasho. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua, Dunia na Mwezi huwa karibu kwenye mstari mmoja, mivutano ya Jua na Mwezi husaidiana, na tunapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa. Wakati wa robo mivutano hiyo hupunguzana na tunapata maji mafu, yaani kujaa na kupwa kwa kiwango kidogo.

Maswali ya longitudo na saa usiyaache, kwa sababu ni alama za bure kwa mtu mwenye utaratibu. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, na huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo mahali pa mashariki hutangulia. Ikiwa ni saa sita mchana kwenye longitudo 0, basi penye nyuzi 45 Mashariki ni saa tisa alasiri, na penye nyuzi 75 Magharibi ni saa moja asubuhi. Mahali pawili pakiwa pande tofauti za longitudo 0, jumlisha nyuzi. Pakiwa upande mmoja, toa. Andika kila hatua, maana ukikosea kujumlisha mwishoni bado utapata alama za njia.

Kuhusu umbo la ndani la Dunia, majina na vina unavijua, kwa hiyo jiulize tumevijuaje, kwa kuwa kutoka juu hadi katikati ni kilomita 6,371 na hakuna aliyewahi kuchimba hata karibu na huko. Jibu ni mawimbi ya matetemeko. Mawimbi ya S, yale yanayotikisa mwamba kwa kukingama na njia yao, hayapiti kwenye kimiminika, na kwa kuwa hayalipiti tabaka la nje la kiini, tunajua kwamba tabaka hilo ni kimiminika. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, alionyesha kwa kusoma mawimbi ya P, yale ya kusukuma na kuvuta yanayofika kwanza, kwamba ndani yake kuna kiini kingine, ambacho leo tunajua ni kigumu. Kigumu kwa nini, ilhali joto lake linazidi nyuzi 5,000 za selsiasi? Kwa sababu ya mgandamizo mkubwa wa kila kilicho juu yake. Swali hilo hupendwa sana na watunga mitihani. Ongeza na hili: tabaka la kati, lililo baina ya ganda na kiini, si bahari ya mwamba ulioyeyuka. Kwa sehemu kubwa ni mwamba mgumu unaojongea taratibu mno.

Katika mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu vinavyosogea, usihifadhi orodha ya mipaka bila mifano. Pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, bamba la Nazca huzama chini ya bamba la bara na kuleta volkeno za Andes. Kwenye Himalaya mabara mawili yanasukumana, na kwa kuwa yote ni mepesi hakuna linalozama sana, hivyo ardhi hujikunja na kuinuka. Katikati ya Atlantiki mabamba huachana na ganda jipya huzaliwa. Alfred Wegener, mwanasayansi wa Ujerumani, alitoa hoja ya mabara kusogea mwaka 1912, ila hakuweza kueleza nguvu inayoyasogeza, na ndiyo sababu wengi waliipinga. Mifano hiyo mitatu na jina hilo moja vinakutosha.

Miamba ipitie kwa jioni moja: iliyotokana na kupoa kwa magma (mwamba ulioyeyuka), ya mashapo, na ile iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, pamoja na mfano mmoja wa kila aina. Sayari nazo zisikuchukulie muda, mradi ukumbuke kwamba zimekuwa nane tangu Pluto ilipoondolewa kwenye orodha mwaka 2006, na kwamba Zuhura ina joto kuliko Utaridi ingawa iko mbali zaidi na Jua, kwa sababu angahewa yake nzito ya kaboni dioksidi huzuia joto lisitoroke.

Zuhura inanikumbusha jozi nyingine inayochanganywa, nayo ni tabaka la ozoni na ongezeko la joto duniani. Ozoni huchuja miale ya urujuanimno, na tabaka lake huharibiwa hasa na kemikali zilizotumika kwenye majokofu na vipulizi. Ongezeko la joto husababishwa hasa na kaboni dioksidi na methani, gesi zinazonasa joto linalotoka kwenye uso wa Dunia. Mwanafunzi anayeandika kwamba joto limezidi kwa sababu jua linapenya kwenye tundu la ozoni hukosa alama zote za swali.

Wiki mbili za kwanza zitumie kwa michoro hii, na ile ya mwisho kwa mitihani iliyopita ukiwa na saa mezani. Swali likisema "eleza", jibu lako liwe na kiunganishi cha sababu ndani yake, na likiwa na alama tatu toa hoja tatu. Mchoro wa majira ukikutatiza, upige picha uuweke hapa nami nitaukagua.